Kuchagua antena ya waya kwa bendi za chini ukiwa na mnara

Kwa mwendeshaji wa redio ya amateur, mnara wa mita 20 ni mrefu kwa bendi ya mita 40, ni mfupi kwa mita 80, na kwa mita 160 ni kisiki tu. Ndiyo maana waya wa aina ileile, ukitundikwa kwenye mnara uleule, huwa antena ya mbali kwenye bendi moja na antena ya karibu kwenye bendi nyingine. Kabla ya kununua hata mita moja ya waya, gawanya kimo cha mnara kwa urefu wa wimbi. Urefu wa wimbi kwa mita ni 300 gawanya kwa MHz: mita 42 kwa 7.1 MHz, mita 82 kwa 3.65 MHz, mita 163 kwa 1.84 MHz. Mnara wa mita 20 basi una kimo cha mawimbi 0.47, 0.24 na 0.12, kwa mfuatano huo.

Namba hizo zinaamua mengi kuliko chapa ya antena. Dipoli (waya wa mikono miwili unaolishwa katikati) ya mlalo juu ya ardhi tambarare hurusha nguvu zake nyingi kwa pembe ambayo sini yake ni 0.25 gawanya kwa kimo hicho cha mawimbi. Kwa kimo cha 0.47 unapata nyuzi 32 hivi kutoka upeo wa macho, na hapo mawasiliano ya mbali yanawezekana vizuri. Kimo kikiwa robo wimbi au chini yake, nguvu zinapanda moja kwa moja angani na kurudi karibu nawe, ndani ya kilomita mia chache. Hiyo si kasoro kwa anayezungumza na wenzake wa nchi moja jioni kwenye mita 80. Anahitaji hasa hicho. Ni kasoro kwa anayetaka kuvuka bahari, na hakuna baluni wala tyuna (vifaa vya kuoanisha antena na kebo au redio) itakayoiondoa.

Jibu basi maswali mawili kwa kila bendi: unataka kufika wapi, na mnara ni sehemu ngapi ya wimbi. Ukitaka karibu, tumia waya wa mlalo au wa V iliyopinduliwa, yaani dipoli iliyoinuliwa katikati huku mikono ikiteremka. Ukitaka kufika mbali huku mnara umefika nusu wimbi, waya wa mlalo bado unafaa. Ukitaka kufika mbali huku mnara ni mfupi, lazima sehemu kubwa ya mkondo wa umeme ipande wima, na hapo unaanza kulipa gharama ya radiali, yaani nyaya zinazotandazwa kutoka shina la antena ili mkondo urudi.

V iliyopinduliwa: fanya hesabu ya kamba mapema

Hii ndiyo antena ya kwanza tunayoshauri kwa mita 80 na 40, kwa sababu mnara unabeba kitovu, mahali penye uzito wa kebo na penye mkondo mkubwa. Urefu wote wa dipoli ni takriban 143 gawanya kwa MHz: mita 20.1 kwa 7.1 MHz, mita 39.2 kwa 3.65 MHz, mita 77.7 kwa 1.84 MHz. V huhitaji kupunguzwa asilimia chache zaidi, na waya wenye ganda la plastiki hupungua asilimia 2 hadi 4 juu ya hapo. Kata mrefu, pima, kisha punguza.

Kosa la kawaida ni kubana V mno. Pembe ya juu, kati ya mikono miwili, isishuke chini ya nyuzi 90. Ikiwa 120 ni bora zaidi. Mikono ikikaribiana, mionzi yake huanza kufutana na impedansi (ukinzani wa antena kwa mkondo wa redio) hushuka. Chukua mfano wa mita 80, kitovu kikiwa kimo cha mita 19. Kila mkono una mita 19.5. Kwa pembe ya nyuzi 90, ncha ya waya itakuwa kimo cha mita 5 na kamba itafungwa ardhini mita 19 kutoka shina la mnara. Kwa nyuzi 120, ncha itakuwa kimo cha mita 9 na kamba itafika ardhini mita 33 kutoka shinani. Ukikosa nafasi hiyo, funga kamba kwenye nguzo ya mita 4 au 5 badala ya kigingi. Anayeshusha ncha hadi mita 3 juu ya ardhi bila kupima hujikuta na pembe ya nyuzi 70, kisha hushangaa kwa nini hasikiki vizuri.

Ncha za dipoli zina volti nyingi wakati wa kurusha. Zisifikiwe na mkono wa mtu wala na mnyama. Mita 3 ni kiwango cha chini kabisa, hata kwa wati 100.

Unaweza kulisha V mbili, ya mita 80 na ya mita 40, kwenye kitovu kimoja na kebo moja. Zitenganishe: ncha za mita 40 ziwe angalau mita moja kutoka kwenye waya wa mita 80, au zielekee upande mwingine kabisa. Rekebisha kwanza ile ndefu, kisha fupi, kisha rudi kwenye ndefu, maana moja ikiguswa nyingine husogea. Kumbuka pia kwamba dipoli ya mita 40 ina resonansi (masafa ambayo antena huyakubali vizuri) pia karibu na 21 MHz. Kama juu ya mnara kuna Yagi (antena ya vyuma inayoelekezwa upande mmoja) ya mita 15, weka kitovu cha waya mita 2 au 3 chini yake, kisha pima tena SWR (uwiano unaoonyesha nguvu inayorudishwa na antena; 1 ni bora) ya Yagi kwenye 21 MHz. Ikiwa imebadilika, waya unanyonya mionzi yake. Shusha kitovu au geuza mwelekeo wa mikono.

Bendi ya mita 80 ni pana kwa asilimia. Kutoka 3.5 hadi 3.8 MHz ni zaidi ya asilimia 8, na dipoli moja ya waya haifuniki yote kwa SWR iliyo chini ya 2. Chagua upande unaoutumia, wa mose (alama fupi na ndefu) au wa sauti, na ukate kwa huo.

Dipoli ya mteremko kwa mita 40

Badala ya V, unaweza kutundika dipoli nzima ya mita 20 ikianzia karibu na kilele na kushuka kando. Kutoka kimo cha mita 18.5 hadi ncha ya chini iliyo mita 3 juu ya ardhi, waya utateremka kwa nyuzi 50 hivi na kufika mita 13 mbali na mnara. Mionzi yake ni mchanganyiko wa wima na mlalo, na mnara ulio nyuma yake huipa upendeleo kidogo upande inakoelekea. Kebo iondoke kwenye kitovu cha waya kwa pembe ya mraba, ikirudi kwenye mnara. Ikiteremka sambamba na waya, itabeba mkondo kwenye ganda lake (wavu wa shaba ulio chini ya plastiki) na kuharibu kila kipimo.

Uzuri wa njia hii ni kwamba inakua. Ukiwa na dipoli 5 kuzunguka mnara, kila moja ikiwa na kebo ya urefu uleule hadi kwenye sanduku la swichi, unaweza kurusha kwa moja na kuziacha nne zikiwa wazi kwenye swichi. Kebo iliyo wazi mwishoni, yenye urefu wa umeme wa wimbi 3/8, huonekana kwenye kitovu cha dipoli kama koili. Dipoli hiyo huwa "ndefu" kuliko ilivyo na kugeuka kuwa kiakisi, yaani kama kioo kinachorudisha mionzi. Kwa 7.1 MHz na kebo yenye kipengele cha mwendo (kasi ya wimbi ndani ya kebo ikilinganishwa na hewani) cha 0.66, urefu huo ni mita 10.5. Sanduku la swichi basi hukaa mnarani, si chumbani. Kebo zote ziwe za aina moja na zipimwe kwa umakini: kebo ya povu yenye kipengele cha 0.8 huhitaji mita 12.7, na ukichanganya aina mbili mfumo hautaelekea popote.

Nusu mteremko: ijaribu, usiitegemee

Nusu mteremko ni waya mmoja wa robo wimbi unaoshuka kutoka juu ya mnara, huku ganda la kebo likifungwa kwenye chuma cha mnara palepale. Inavutia kwa sababu ni rahisi: mita 19 au 20 za waya kwa mita 80, kihami kimoja, kamba moja. Lakini nusu ya pili ya antena hiyo ni mnara wenyewe, pamoja na Yagi iliyo juu, nyaya za kushikilia mnara na kebo zote zinazopanda. Huwezi kuijua kwa hesabu. Kwenye mnara mmoja itakubali mara moja, kwenye mwingine wa kimo kilekile haitashuka chini ya SWR ya 3.

Kwa kawaida hufanya kazi vizuri zaidi pale penye Yagi kubwa juu, kwa sababu vyuma vyake hutoa njia ya mkondo wa kurudi. Ukijaribu, anza na pembe ya nyuzi 45 kati ya waya na mnara, na uwe na vitu vitatu vya kubadilisha: urefu wa waya, pembe hiyo, na kimo cha sehemu ya mlisho, pale kebo inapoungwa na antena. Ukibadilisha urefu na SWR ikabaki palepale, tatizo liko kwenye mnara. Shusha mlisho mita moja au mbili na upime tena. Kebo zote ziteremke ndani ya mnara zikiwa zimefungwa kwenye mguu wake, la sivyo kila kebo huwa sehemu ya antena.

L iliyopinduliwa kwa mita 160

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo wengi hudanganywa na kipimo kizuri.

L ni waya unaopanda wima kando ya mnara na kisha kulala mlalo kuelekea mti au nguzo. Kwa 1.84 MHz robo wimbi ni mita 39 hivi: ukiwa na mita 18 za wima, zinabaki 21 za mlalo. Sehemu ya wima ndiyo inayorusha mbali, kwa hiyo ipe kila sentimita uwezayo. Isilale kwenye mnara. Weka mkono wa kihami, kama bomba la fiberglasi, utakaoutoa angalau mita moja nje. Mita 2 au 3 ni bora, na waya unaweza pia kuanzia ardhini mita kadhaa mbali na shina na kupanda kwa mshazari.

Mnara wenyewe ni mshiriki asiyealikwa. Mnara mtupu wa mita 20, uliounganishwa na ardhi, una resonansi ya robo wimbi karibu na 3.5 MHz, na Yagi ikiwekwa juu resonansi hiyo huteremka kuelekea mita 160. Kwa hiyo usitundike waya wima wa robo wimbi wa mita 80 kando ya mnara mtupu wa kimo hicho; mnara utachukua mkondo mwingi na kuupeleka kwenye ardhi yake duni. Dalili ni SWR yenye mabonde mawili pale ulipotarajia moja, au impedansi isiyobadilika inavyopaswa unapokata waya. Dawa ni kusogeza waya mbali zaidi, na kuunganisha shina la mnara kwenye radiali zilezile za antena ili mkondo wake upate njia nzuri ya kurudi.

Sasa radiali. L yenye mita 18 za wima ina ukinzani wa mionzi wa takriban omu 15 kwenye 1.84 MHz. Ardhi yenye radiali nne au tano hupoteza kwa urahisi omu 35. Jumla ni 50, sawa na kebo ya kawaida, SWR ni 1, na mwenye antena hufurahi, ilhali asilimia 70 ya nguvu inapasha udongo moto. Akiongeza radiali hadi hasara ishuke kuwa omu 5, jumla ni 20, SWR inapanda hadi 2.5, na antena imeboreka zaidi ya maradufu. Ukiona SWR inapanda kadiri unavyoongeza radiali, endelea kuongeza.

Anza na radiali 16 za mita 20 kila moja, yaani mita 320 za waya. Kwa waya huohuo, 16 za mita 20 hushinda 8 za mita 40, kwa sababu mkondo mwingi hurudi karibu na shina na huko ndiko unataka msongamano. Lenga 30, na ukiweza 60. Baada ya hapo faida ni ndogo. Radiali zilizolala ardhini hazihitaji kukatwa kwa resonansi, na unene wake si hoja: waya wowote wa shaba, wenye ganda au bila ganda, unafaa. Zitandaze juu ya nyasi zilizokatwa fupi na uzibane kwa vipini vya waya kila mita moja. Nyasi zikikua zitazifunika. Ziunganishe kwenye pete ya shaba chini ya mlisho. Shaba isiguse moja kwa moja chuma chenye zinki cha mnara, kwani unyevu utakula zinki. Weka kibamba cha chuma cha pua katikati.

Kama ardhi ni mwamba au huna ruhusa ya kuitumia yote, radiali za juu ni njia halali: mbili zinazoelekeana, kila moja mita 39, kwa kimo cha mita 3 au zaidi. Hizi lazima ziwe na resonansi na urefu sawa, zisiunganishwe na ardhi wala mnara, na kebo iwe na choki (mizunguko ya kebo inayozuia mkondo kupita kwenye ganda) palepale kwenye mlisho.

Baada ya radiali kutosha, linganisha impedansi. Njia tunayoipenda ni koili sambamba: fupisha waya wa mlalo kidogo hadi mlisho usome takriban omu 20 na mwitikio hasi (sehemu ya impedansi inayofanana na ya kapasita) wa omu 24, kisha unganisha koili ya mikrohenri 3.5 kati ya mlisho na radiali. Mizunguko 10 ya waya wa milimita 2 kwenye bomba la kipenyo cha sentimita 5, ikienea urefu wa sentimita 5, hutoa thamani hiyo. Sogeza mizunguko karibu au mbali hadi SWR ishuke. Koili hiyo pia hupeleka chaji tuli ardhini, faida kubwa kwa waya mrefu wakati wa upepo mkavu na mawingu ya radi. Njia nyingine ni kurefusha waya hadi mita 50 hivi na kuweka kapasita ya kubadilika ya hadi pikofaradi 500 mfululizo kwenye mlisho. Inafanya kazi vizuri, ila kapasita lazima ikae ndani ya sanduku lisiloingiza maji wala wadudu.

Mnara ukiwa mita 12 tu, L bado inafaa, lakini ukinzani wa mionzi unashuka hadi omu 7 au 8, na radiali zinakuwa muhimu maradufu. Mnara ukiwa mita 30, V ya mita 80 hurusha kwa nyuzi 43 hivi na hapo L inabaki kuwa ya mita 160 pekee.

Waya, kamba na choki

Tumia shaba ngumu ya milimita 2. Shaba laini ya nyaya za nyumba hunyooka na kurefuka kwa uzito wake, na baada ya miezi antena imeshuka kilohezi kadhaa. Chuma kilichofunikwa shaba hakinyooki na ndicho bora kwa mikono mirefu ya mita 160, lakini hujikunja na kukwaruzika. Shaba ikitoka, kutu huanza.

Kamba iwe ya poliesta isiyoharibiwa na jua. Nailoni hunyooka ikilowa, na polipropilini nyingi za bei rahisi hugeuka unga chini ya jua. Ncha inayofungwa mtini ipite kwenye kapi na kuning'iniza uzito wa kilo chache, vinginevyo upepo wa kwanza mkali utakata waya kwenye kihami. Hapo kwenye kihami ndipo waya hukatika mara nyingi: usiufunge kwa kona kali, uzungushe kwenye pete, na kiungo cha kebo kisibebe uzito wowote.

Choki huwekwa kwenye mlisho wa kila dipoli. Kwa wati 100, mizunguko 12 ya RG-58 kwenye pete ya feriti aina ya 31 yenye kipenyo cha nje cha milimita 61 inatosha kwa mita 80 na 40; kwa 160 fanya 14 au weka pete mbili pamoja. Feriti aina ya 43 hufanya kazi, ila ni dhaifu zaidi huku chini. Mwisho wa kebo ulio juu uzibwe kwa utepe wa mpira unaojishikanisha, kisha utepe wa kawaida juu yake. Maji yakiingia kwenye ganda la kebo hushuka mita nyingi, na utabadilisha kebo yote.

Kupandisha na kurekebisha

Kagua kwanza nyaya za umeme. Waya ukikatika, kamba ikiachia, au mnara ukianguka, kusiwe na kinachoweza kuzifikia. Usipande peke yako, vaa mkanda wa usalama uliofungwa muda wote, na chomoa redio kwenye umeme ili mtu asirushe ukiwa juu. Funga kapi kileleni mara moja, ili marekebisho yote yanayofuata yafanyike ukiwa chini.

Kwa kukata, usikisie. Urefu mpya ni urefu wa sasa mara masafa uliyopima, gawanya kwa masafa unayotaka. Dipoli ya mita 39.8 ikiwa na resonansi 3.55 MHz na unataka 3.65, urefu mpya ni mita 38.7, punguza sentimita 55 kila upande. Pima antena ikiwa kwenye kimo chake cha mwisho, kwa sababu kuishusha kupima na kuipandisha tena hubadilisha jibu. Waya mtupu unaweza kukunjwa nyuma na kusokotwa kwenye wenyewe badala ya kukatwa. Wenye ganda ukikunjwa bado huongeza urefu kidogo, kwa hiyo ukate.

Upande wa kupokea, L ya mita 160 husikia kelele nyingi za majirani. Antena ndogo ya kitanzi ya kupokelea tu, au waya mrefu wa mita 150 hadi 300 uliolala kimo cha mita 2, ukiwa na kikinzani cha omu 450 hivi mwishoni na transfoma ya 9 kwa 1 mwanzoni, itakufungulia stesheni ambazo L haizisikii. Iweke mbali na mnara kadiri uwanja unavyoruhusu, kwa kuwa mnara hunasa kelele na kuirusha upya.

Kebo zote zikifika chini ya mnara, unganisha ganda lake na chuma cha mnara kabla hazijaelekea nyumbani, na weka kizuia radi kwenye ukuta pale zinapoingia. Kila baada ya miezi sita, pima SWR na ulinganishe na ulichoandika siku ya kwanza. Resonansi iliyoshuka inaonyesha waya ulionyooka, na SWR iliyopanda kila mvua inyeshapo inaonyesha maji kwenye kiungo.